Miwani Inayotaja Majina

Juzi, kwenye duka la kudurufu pale Chikongola, mtaalamu kutoka Dar alimvalisha mama mmoja miwani ya boksi yenye vioo vya nailoni. Ni jaribio tu, alisema. Miwani ya kesho itamwandikia mtu hewani jina la kila anayekutana naye.

Akaingia mzee kudurufu cheti chake. Mtaalamu akachungulia jina, akaliandika kwenye nailoni. "Haya mama, soma ni nani."

Mama akaivua upesi, akapiga goti. "Shikamoo baba." Kisha akamgeukia mtaalamu: "Huyu ni mkwe wangu. Mwaka wa ishirini huu, kwa heshima, sijalitamka jina lake, wewe unanibandikia machoni?"

Mtaalamu akalifuta kwa mate. "Basi niandike nini, mama?"

"Usiandike. Niache nimwone."

Sasa nikisikia mtu anasifia mashine za kesho, nauliza kwanza: wakwe mmewaweka wapi?