Nilipofuta Kisanduku cha Maoni

Kazi yangu ya kwanza baada ya chuo ilikuwa kubuni kurasa ambazo watu hufanyia vibarua vya mtandaoni kwa simu. Unaoneshwa picha ya barabara ya nchi ya mbali, unazungushia mstari kila gari, unabonyeza, inakuja nyingine. Ofisi ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vyuma mjini Nyeri. Nilikuwa kwenye muda wa majaribio, na kila jioni niliyachambua maneno ya bosi nikitafuta lile lililomaanisha nimefutwa.

Chini ya kila picha niliweka kisanduku cha maoni, ili mtu aseme kama haoni vizuri. Shangazi yangu wa Kangari, ambaye mgongo ulikuwa umemwachisha kuchuma majani chai, aliifanya kazi hii pamoja na akina mama wa kanisa lake. Kisanduku walikijaza kila mara. "Bwana asifiwe. Nimemaliza hii. Mbarikiwe."

Mashine ya mteja, kampuni iliyotulipa kwa picha hizo, iliona maneno yaleyale yakitoka kwa watu wengi, ikaamua hao ni roboti. Asubuhi moja tukakuta akaunti zao zote zimefungwa.

"Bosi, hao ni watu," nilisema. "Kwani umewahi kuona roboti imeokoka?"

Hakucheka. Alisema akaunti zingefunguliwa salamu zikikoma. Zikiendelea, mteja angeondoka, na mimi pia. Nilimpigia shangazi nikiwa kwenye ngazi.

"Tata, msiandike kitu hapo chini. Bonyezeni tu."

"Ati niingie kwa watu bila hodi?"

"Huko hakuna watu, Tata. Ni mashine."

"Na hii kazi yote tunafanyia nani?"

Nilimwomba tena, nikakata simu. Nilijua angeahidi, kisha aandike. Nikafikiria kuweka onyo jekundu. Nikafikiria kwamba onyo jekundu lingewatisha waache kazi kabisa. Niliwaza hadi chai yangu ikafanya utando, kisha nikakifuta kisanduku chenyewe.

Akaunti zilifunguliwa. Wiki iliyofuata mvua ilinyesha Kangari mfululizo, mtandao ukalegea, picha zikawa zinafika nyeusi tupu. Hapakuwa na mahali pa kusema. Shangazi alibonyeza tu, kama nilivyomwagiza, na wenzake vivyo hivyo. Mteja aliikataa kazi yao yote.

Shangazi alinipigia nikiwa mezani. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililonitisha.

"Tulikuwa tunaona giza tu. Tungeambia nani?"

"Mniambie mimi, Tata."

"Haya. Nimewapa wote namba yako."

Mkataba wangu ulikataza kuzungumza na wanaofanya vibarua hivyo. Simu iliita tena kabla sijaiweka chini. Bosi aliinua kichwa, akauliza ni nani. Nilimwambia ukweli, nikapokea. Mama nisiyemjua aliniuliza watalipwa lini.

Nikasema sijui. Namba nyingine ngeni ilikuwa tayari inaingia.