Feni ya Baba Mkwe

Mke wangu anaitwa Kiguu-na-njia, na aliyempa jina hilo ni mama yake mzazi, enzi hizo akitambaa. Hajui kutulia. Chai anakunywa amesimama, mkono wa pili unakunja nguo. Ukianza kumwambia jambo, utalimalizia ukuta. Sasa mtu wa namna hiyo, sijui nani alimroga, akachagua kazi ya kukaa: anahariri video za harusi za watu, kwenye kompyuta, sebuleni kwetu. Atakata kipande, ataunga kingine, halafu ataruka kwenda kuangalia kama bomba limefungwa.

Baba yake alihamia kwetu miguu ilipomshinda. Alikuwa mpaka rangi wa majumba, mtu wa ngazi na vichekesho, na sasa dunia yake ni kitanda, kiti, na dirisha dogo. Mchana bati la chumba kile linapata jua lote. Mimi naoka mikate, joto ni jirani yangu, lakini hata mimi nikiingia mle nilikuwa natafuta sababu ya kutoka.

Na nyumbani feni ni moja, nayo ilikaa chumbani kwa mzee. Ile kompyuta ya zamani ilikuwa na tabia ya kupata moto na kuzimika katikati ya kazi, kwa hiyo mke wangu akafanya wanavyofanya wenzake wengi: akaifungua ubavu, akaielekezea feni ya nyumba. Kila siku baada ya chakula aliingia kwa baba yake.

"Baba, mwizi wako nimekuja."

"Karibu, mwizi. Leo wanaoana akina nani?"

Basi huku anazungusha waya wa feni mkononi, anamsimulia: bwana harusi aliyekanyaga gauni, mjomba aliyeng'ang'ania maikrofoni bila mtu kumwomba. Mzee anacheka mpaka anakohoa.

"Chukua, mama," anasema. "Mimi sina joto."

Mwongo mkubwa. Shati lilikuwa limemganda mgongoni.

Maneno hayana miguu lakini hufika. Kaka mkubwa wa mke wangu akasikia, akapiga simu, akamvua nguo dada yake kwa maneno: kompyuta inapepewa, baba anaiva? Akasema mwisho wa mwezi anakuja kumchukua mzee. Kwake kuna vyumba vikubwa, na feni ya darini kila chumba. Mzee alipoulizwa akasema tu, "Akija tutaona." Mke wangu alizunguka nyumba jioni ile kama aliyepoteza ufunguo. Hakutaka baba yake aondoke. Aliniambia waziwazi, machozi yakimlengalenga, kwamba akichukuliwa itakuwa yeye ndiye aliyemfukuza.

Ndipo akaamua kuunda kompyuta mpya, yenye feni zake yenyewe, ili ile ya nyumba ibaki kwa mzee moja kwa moja.

Vifaa vilifika kidogo kidogo: kasha jeusi, ubao wa mitambo, feni nne ndogo za mraba. Mzee tulimleta sebuleni, akapewa bakuli la skrubu alishike magotini, na akalishika kwa heshima zote, akimkabidhi binti yake moja moja. Kila feni ndogo ina waya wake, na mwisho wa waya kuna kichwa cha plastiki kinachovaa pini kwenye ubao. Pini zenyewe zimejificha pembeni, kidole hakifiki, na mke wangu si mtu wa kubembeleza kitu. Alivuta, akasonya, akainuka kunywa maji, akarudi.

"Taratibu, mama," mzee akasema. "Rangi ya haraka hubabuka."

"Hii si rangi, Baba."

Ikawaka. Feni zote nne zikavuma, tukapiga makofi. Akaanza kazi, na kabla harusi haijafika kwenye keki, mashine ikazimika. Akaiwasha, ikazimika. Ukigusa kasha, lilikuwa moto kuliko la zamani. Akachomoa waya zote akazichomeka upya, akiamini kosa liko kwenye pini. Ikazimika tena. Alikuwa anakwenda jikoni, anatoka mlangoni, anarudi, mpaka mimi nikasikia kizunguzungu. Nilikuwa na neno la kusema, ila safari iliyopita nilipotoa ushauri niliambiwa nirudi kwenye mikate yangu.

Mwishowe akachana kipande cha karatasi laini, akakishika nyuma ya kasha aone upepo unavyotoka. Karatasi haikupepea nje. Ilivutwa, ikanata kwenye matundu. Akajaribu juu, ikanata. Mbele pia. Alikuwa amezielekeza feni zote nne ndani, zote zinaipepea mashine, maana hivyo ndivyo tulivyozoea: mwenye joto hupepewa. Joto lenyewe litokee wapi, hakuna aliyelifikiria.

"Kumbe mmealika watu wote," mzee akasema, "na mlango wa kutokea hamkuweka."

Tulicheka wote. Mke wangu akazigeuza mbili, ya nyuma na ya juu, zitoe hewa. Waya wa ile ya juu ukawa haufiki tena, ikabidi auzungushe nyuma ya ubao kwa matusi ya chini chini. Akawasha. Mashine ikafanya kazi mchana kutwa bila kukohoa.

Akabeba feni ya nyumba kwa mikono miwili, akaiweka kando ya kitanda cha mzee. "Hii ni yako sasa, Baba, mchana na usiku. Siji kuiba tena."

"Ahsante, mama. Mungu akubariki."

Kazi zikamiminika, naye akazifukuzia. Siku chache baadaye mzee akaita kwamba feni imegoma. Mke wangu akakimbia, akabonyeza, ikazunguka, akakimbia kurudi. Kesho yake imegoma tena. Akabadilisha plagi. Ikagoma. Mimi mwenyewe niliikagua, na feni ile ilikuwa nzima kuliko mimi.

Kisha kaka akapiga simu, na mzee akaomba aongee naye. Tukamsikia akisema, "Njoo unichukue."

Mke wangu akaiacha kazi. Akaenda akasimama mlangoni kwake. "Baba, joto si limekwisha?"

"Limekwisha."

"Sasa nimekukosea nini?"

Mzee aliitazama feni ikizunguka. "Kwa kaka yako nitakaa peke yangu kwenye chumba kikubwa. Hapa nakaa peke yangu kwenye kidogo. Tofauti iko wapi, mama? Zamani ulikuwa unakuja kuiba."

Sijawahi kumwona mke wangu amesimama wima bila kiungo kutikisika, ila wakati ule. Halafu akageuka, akaenda sebuleni, akaanza kuchomoa waya. Aliniita nishike upande wa pili wa meza, tukaihamishia kwa mzee, kompyuta na vyote. Meza ilikubali sehemu moja tu mle chumbani, na mgongo wa kasha ukaangalia kitanda. Hewa yote ya moto ikawa inampiga mzee miguuni, na ile feni yake kazi yake ikawa kuizungusha tu.

Kaka alikuja kama alivyoahidi. Alifika mlangoni, joto likamkumba, akarudi nyuma hatua.

"Hiki ni chumba au tanuri?" akauliza. "Baba, hii ni hali gani?"

Mzee hakugeuza hata shingo. Macho yalikuwa kwenye kioo cha kompyuta, kidole kinamwonyesha binti yake pa kukata.

"Umekuja kutusalimia au kupima joto?" akasema. "Vuta stuli ukae. Bibi harusi anakaribia kuingia."