Nilimwazima Belarmino Jina Langu, Wakampa na Mke

Wakuu, kabla hamjaanza kusema hii ni chai, naapa kwa kaburi la mama yangu na kwa meno machache niliyobakiwa nayo: kila neno hapa ni la kweli tupu.

Nilisimama katikati ya wodi, mchana kweupe, nikamwambia nesi kwamba yule mwanamke anayemlisha mwanamume mwingine supu pale kitandani ni mke wangu wa ndoa.

Nesi akanitazama kwa huruma.

"Sawa, baba," akasema. "Kaa chini, nakuletea dawa yako."

Ngoja niwapeleke taratibu.

Mimi naitwa Eliécer. Nimefyatua na kuchoma matofali maisha yangu yote, huku kwetu Boyacá, milima ya Kolombia, kwenye baridi ambayo nimeona kuku wakitaga mayai yameganda tayari. Mke wangu ni Hermelinda.

Na kuna Belarmino.

Belarmino ndiye aliyemchumbia Hermelinda kabla yangu. Wawili hao wakiingia kucheza dansi, wengine walikuwa wanakaa pembeni kutazama. Kisha akaanza kusikia sauti. Wakampeleka Bogotá, akalazwa hospitali ya akili. Aliporudi, Hermelinda alishakuwa wangu, tena mjamzito.

Sasa miaka mingi ametulia. Anameza vidonge vyake kila asubuhi, analima viazi vyake, hana neno na mtu. Lakini mji ukishakupachika uchizi, hata ukipiga chafya watu wanasogea pembeni.

Nami wivu haukuwahi kunitoka. Mke wangu akipika, lazima bakuli moja liende kwa Belarmino. Na lile bakuli lilikuwa na nyama kuliko langu. Nilikuwa nachungulia.

Jumapili moja tulikuwa uwanjani tunacheza tejo, ule mchezo wetu wa kurusha kisahani cha chuma kizito kwenye udongo uliotegwa baruti, bia mkononi. Belarmino alikuwa ameinama anasawazisha udongo. Mlevi mmoja akarusha bila kuangalia.

Chuma kikamkuta gotini. Ule mlio, watu wakashangilia wakidhani baruti imelipuka.

Tukambeba hadi hospitali ya mji. Daktari, kijana mmoja mstaarabu kabisa, akachukua kitambulisho, akabonyeza kompyuta, akasoma. Uso ukabadilika.

Hapo akaacha kulitazama goti. Akaanza kumuuliza kama analala vizuri, kama anameza dawa zake, kama zile sauti zimerudi.

"Siku hizi unasikia nini, baba?"

"Nasikia goti, daktari," Belarmino akamjibu.

Akachomwa sindano ya kutuliza, akarudishwa nyumbani. Siku ya tatu goti limekuwa kama boga, tukampeleka tena. Majibu yaleyale: watu wa hali yake, maumivu huanzia kichwani. Akapewa vidonge vya usingizi.

Mguu ukaanza kuwa na rangi nisiyoipenda.

Basi Hermelinda akafanya lake. Nimetoka kununua mkate, narudi, namkuta Belarmino sebuleni kwangu. Kwenye kiti changu. Amejifunika ruana yangu, lile vazi la sufi nene la kujitanda mabegani ninalovaa misani tu. Mke wangu amepiga magoti anamkanda.

Nikauliza atakaa hadi lini. Hermelinda akasema hadi apone, na kwa kuwa hakuna anayemtibu, nihesabu kwamba anahamia.

Wakuu, sikulala. Kila nikisikia mbao za sakafu zinalia, nanyanyua kichwa.

Asubuhi nikamwambia mke wangu tumpeleke hospitali kubwa ya mkoa. Akasema huko nako kompyuta itasema yaleyale. Hapo wivu ukanifanya niwe na akili kuliko kawaida yangu.

"Basi aende na jina langu," nikasema.

Wazee wa huku, ukituvisha kofia na ruana na masharubu, hata mbwa wetu wanatuchanganya. Nikampa Belarmino kitambulisho changu, nikachukua chake.

Ilikwenda kama siagi kwenye mkate wa moto. Nesi wa mapokezi, binti anaitwa Yamile, akaandika jina langu, kompyuta haikusema lolote. Akalitazama goti, akashika mdomo. Mara picha, mara kiti cha magurudumu, mara daktari wa mifupa, mama mmoja mkavu anaitwa Cifuentes.

Goti lilikuwa limepasuka vipande. Akasema kesho yake wanapasua, na wakichelewa zaidi mguu unaondoka.

"Don Eliécer, siku zote hizi ulikuwa wapi?" akamuuliza.

Belarmino akafikiri kidogo. "Nilikuwa mtu mwingine, daktari."

Nikajipongeza. Kitu kimoja tu sikuwa nimekifikiria.

Mgonjwa anayeitwa Eliécer ana mke anayeitwa Hermelinda.

Mke akaruhusiwa kukaa kitandani. Mimi, mlinzi akanidai kitambulisho, nikampa nilichokuwa nacho, akanibandika kifuani karatasi yenye jina: Belarmino Sichacá. Akanionyesha benchi la ukumbini. Majirani wanakaa huko.

Pale mlangoni kuna kioo. Nikakodoa.

Nesi akamfundisha mke wangu jinsi ya kumwosha mgonjwa miguu. Akamwosha. Akamchana nywele. Yule mzee akamnong'oneza jambo, Hermelinda akacheka kile kicheko cha kurusha kichwa nyuma, ambacho mimi mara ya mwisho kukisikia watoto wetu walikuwa hawajaota meno.

Kisha, nesi akiwa amesimama pale, mke wangu akanyanyua kijiko na kusema, "Fungua mdomo, mzee wangu."

Mzee wangu. Jina hilo naitwa mimi, tena siku nikiwa nimefanya vizuri.

Niliusukuma mlango kwa hasira, ukagonga ukuta, ukarudi, ukanibana kidole. Nikasikia kikilia. Nikaingia hivyohivyo.

"Huyo ni mke wangu," nikasema.

Yamile akasoma karatasi ya kifuani kwangu, akageukia kompyuta, akabonyeza.

"Aa," akasema.

Sijawahi kusikia "aa" ndefu kama ile. Yote mliyosoma mpaka sasa yalikuwemo ndani yake.

Ndipo akaniambia nikae, ananiletea dawa. Nikamwambia mimi siye Belarmino, Belarmino ni yule aliyelala. Akasema ndiyo, baba. Nikamwambia mimi ndiye Eliécer. Akasema ndiyo, baba, akaandika. Kadiri nilivyosema kweli ndivyo alivyozidi kuandika.

"Kidole changu kimevunjika," nikamwonyesha. Kilikuwa kinatazama dirishani wakati vingine vinatazama dari.

"Ni wasiwasi huo, baba. Utapita."

Walinzi wawili wakawa wamesimama nyuma yangu. Yamile akamgeukia mke wangu, kwa sauti ya chini, kama vile mimi ni samani.

"Mama, huyu unamfahamu?"

Hermelinda akanitazama. Neno moja tu lilitakiwa. Akisema ni mume wangu, majina yanarudi kwa wenyewe, kompyuta inaamka, na lile goti linarudishwa nyumbani na vidonge vya usingizi. Belarmino alikuwa ameshavuta shuka hadi kidevuni, macho ukutani. Amezoea kutolewa.

"Namfahamu," mke wangu akasema. "Ni jirani yetu, Belarmino. Ananipenda tangu ujana. Msimuumize, tafadhali."

Nilifungua mdomo.

Nikalitazama lile goti.

Nikaufunga.

"Ndiyo," nikasema. "Mimi ni Belarmino."

Wakanirudisha kwenye benchi. Kidonge nilikificha shavuni, nikakitema kwenye chungu cha maua, na yale maua, niaminini, yalilala siku mbili. Kidole kikavimba kikawa kama ndizi. Nikamwita nesi mmoja, akatabasamu akapita. Nikamwita wa pili. Nikamsikia akimwambia mwenzake, "Yule ni wa kichwa." Wakapita wote.

Saa chache tu za kuwa Belarmino, wakuu. Machozi yalinitoka, na kidole kilikuwa sehemu ndogo ya sababu.

Alasiri Daktari Cifuentes akatoka na kitambulisho changu mkononi.

"Mgonjwa wangu damu yake ni A," akasema. "Kitambulisho chake kinasema O. Nani ataniambia kulikoni?"

Huku kwetu kitambulisho huandikwa hata kundi la damu, mbele ya macho ya kila mtu. Nimekibeba maisha yangu yote na sikuwahi kulikumbuka.

Hermelinda akatazama dari. Mimi nikanyoosha mkono, na kile kidole kikaonyesha upande wake chenyewe, dirishani.

Tukasema yote. Daktari akatuwakia, na alikuwa na haki. Alisema wao hawamwongezi mtu damu bila kupima, lakini huo si mchezo wa wazee wasio na kazi. Siku nyingine mtu anaingia na jeraha la haraka, wanatazama kitambulisho, anakufa kwa ujanja wenu.

Mke wangu akamsikiliza hadi mwisho. Kisha akamuuliza, "Na kwa jina lake mwenyewe, daktari, hilo goti mngelitazama?"

 Daktari akainua ile picha ya goti kwenye mwanga.

"Mfupa nimeshauona," akasema. "Siwezi tena kutouona."

Akaamuru jina libadilishwe, na goti la Belarmino Sichacá likapangiwa kupasuliwa kwa jina la Belarmino Sichacá.

Na mimi? Yamile mwenyewe, uso umemwiva, akanikimbiza kupigwa picha. Kweli kilikuwa kimevunjika. Kidole kilikuwa kilekile cha mchana. Kilichobadilika ni jina tu.

Funzo langu ndilo hilo, lichukueni bure. Mtu mwenye ugonjwa wa akili ana goti, ana tumbo, ana moyo, na vyote vinaweza kuuma. Akikwambia panauma, mtazame anapokuonyesha, usimtazame kichwani.

Nilidhani nimeponyoka. Lakini daktari akanifuata ukumbini.

"Don Eliécer, umetudanganya kuhusu damu," akasema. "Utalipa kwa damu. Ya O inawafaa wengi."

Sindano naiogopa kuliko kifo. Hermelinda akanishika mkono usio na bandeji, akanipeleka mwenyewe kama mbuzi wa sikukuu. Nilifumba macho nikalipa, chupa nzima, na ilipofika zamu ya Belarmino kuongezewa, naambiwa ilikuwa ndiyo hiyohiyo.

Kesho yake, baada ya kupasuliwa, tulimkuta amezinduka, mguu umefungwa, uso mweupe kama jibini. Mke wangu akasimama mlangoni anaongea na daktari mmoja wa kiume, kijana mrefu, mwenye meno yote.

Belarmino akawatazama. Akanivuta mkono niiname.

"Eliécer," akasema, "hii damu yako ina nini? Yule kijana anamchekea Hermelinda, na mimi roho inaniuma."