Kiti cha Hamsini na Moja

Mke wangu alipokubali kuolewa nami alikuwa mjane, na mimi nilikuwa mtu mzima mwenye duka la asali Gongoni ambaye hajawahi kuoa, kwa sababu, kama wasemavyo jirani zangu, nilikuwa bado napatana bei.

Sharti lake lilikuwa moja: harusi isimuumize mtu kichwa. Hakuna kamati, hakuna vikao, hakuna kadi za michango. Ibada asubuhi, chakula cha mchana uani kwa dada yake, watu hamsini, na jua likianza kulala kila mtu yuko kwake.

Mfanyabiashara akisikia maneno kama hayo hutabasamu kwa meno yote. Nilitabasamu mpaka nilipouliza nani atatafuta mchele.

"Shemeji ataleta wa Igunga."

"Na turubai?"

"Shemeji ana mtu wake."

"Mbuzi je?"

"Mbuzi shemeji keshamwona."

Shemeji huyo hakuwa wangu. Alikuwa mdogo wa marehemu mumewe, dereva wa lori, mrefu, mpole, hana mke. Jioni ile nilihesabu neno shemeji likitajwa mara kumi na moja. Nilipolala nikarudia hesabu, zikawa kumi na mbili. Nilikuwa nimesahau lile la kwenye sala ya chakula, alipoombewa safari njema.

Sikushuku jambo la aibu, tuelewane. Wivu wangu ulikuwa wa mtu anayeingia dukani kwake akakuta mwingine anauza, tena anauza vizuri. Mchele ulikuja, nikauchambua nikitafuta mawe. Sikupata hata moja. Iliniuma.

Mzee wa duka la vitambaa, jirani yangu, hakunisaidia. "Bwana harusi," aliniita kutoka barazani kwake, "mwenzio kaleta mchele, kaleta mbuzi. Wewe unaleta nini?"

"Naleta bwana harusi."

"Umpime kwanza, asije akawa pungufu."

Basi nikataka kitu kimoja tu katika harusi ile kiwe changu. Nilikipata sebuleni kwa dada mtu, ndani ya picha ya harusi ya kwanza: wanaume sita mbele ya gari la maharusi, mashavu yamevimba, wanapuliza matarumbeta. Marehemu alipigiwa matarumbeta. Mimi nilikuwa sijapangiwa hata filimbi.

"Hapana, mwenzangu," mchumba wangu alisema nilipomwomba. "Sitaki kelele."

Bila kumwambia mchumba, nikamwendea kiongozi wa bendi ya matarumbeta. Nilipatana naye kama ninavyopatana na wauza asali wa vijijini: nikaguna, nikaondoka, nikarudi, nikaguna tena. Alishuka mpaka bei ambayo mimi mwenyewe niliionea haya. Nikampa mkono.

"Bei nzuri, mzee," akasema. "Ila siji."

"Huji vipi?"

"Yule dereva alishapita hapa. Alisema bwana harusi atakuja, nipatane naye vizuri nisimvunje moyo, lakini nisije."

Asubuhi nzima nilikuwa nimepatana na hewa.

Nilimkuta shemeji huyo kwenye maegesho ya malori, anafunga kamba ya turubai.

"Umenizuilia matarumbeta," nikamwambia.

"Nimeyazuia, kaka." Hakugeuka. "Ile harusi ya kwanza niliyaleta mimi. Nilikuwa katibu wa kamati. Tuligombana kuhusu ukumbi, tukagombana kuhusu soda, mpaka asubuhi ya harusi tulikuwa bado tunagombana. Shemeji akakaa pale mbele na njaa yake, matarumbeta yanampigia sikioni, machozi yanamtoka. Watu wakasema analia kwa furaha. Sahani yake ilifika wageni wakiaga."

"Wewe ulijuaje kwamba si furaha?"

"Nilikuwa namtazama," akasema, kisha akaivuta tena ile kamba, na ilikuwa imekwisha kukazwa.

Nilirudi dukani polepole. Kumbe wivu wangu ulikuwa na mwenzake, tena mkubwa kwa umri.

Siku ya harusi ilikwenda kama alivyoipanga mwenyewe. Hakuna aliyekimbia, hakuna aliyepaza sauti. Bibi harusi alipakuliwa wa kwanza, akala, akaongezwa, akala tena. Mzee wa vitambaa alilegeza mkanda. Mimi nilihesabu viti: hamsini, vyote vina watu. Nikahesabu sahani, zikawa hamsini na moja. Nikarudia. Hamsini na moja.

Aliyepanga viti vyote hakuwa amejihesabu. Nilimwona ameegemea ukuta wa jikoni, sahani mkononi, anakula amesimama, mahali ambapo meza yetu ilionekana vizuri kabisa. Bibi harusi alimtikisia kichwa kidogo, kwamba pilau imeiva sawasawa. Mimi sikuwa nimetikisiwa kichwa tangu tutoke kanisani.

Nikainuka, nikaingia jikoni, nikatoka na kigoda. Nikakiweka kwenye meza yetu, upande wangu, nyuma kidogo ya bega langu.

"Kaa hapa," nikamwambia.

Akakitazama, akanitazama. "Hapa bibi harusi simwoni, kaka."

"Ndiyo maana."

Akacheka, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akakaa. Magoti yakamfika karibu na kidevu.

Mke wangu alichukua kipande cha nyama, akanyoosha mkono mbele yangu mpaka kwenye sahani ya shemeji yake. Nilikisindikiza kwa macho safari yote. Kisha akaniwekea mimi viwili. Nikahesabu tena; ni viwili kweli.