Kifungu na Haki Yake ya Kusafiri

Fundi umeme mmoja, baba wa watoto wanne, mtaani walimwita Kifungu, kwa vile hakuwa na mazungumzo yasiyo na kifungu cha sheria ndani yake. Dukani alitundika cheti chake cha ufundi, na ole wake aliyegusa nyaya za watu bila cheti. Kifungu alimshtaki kunakohusika siku hiyo hiyo.

Leseni yake ya udereva ilipokwisha muda alikwenda kuomba mpya, akarudi mikono mitupu kama kamwagiwa maji. Wiki iliyofuata akatangaza kwamba leseni ni utumwa.

"Kusafiri ni haki ya binadamu," alimwambia mkewe. "Haki haiombewi ruhusa."

"Kwani nani kakukataza kusafiri, baba watoto? Si upande basi?"

"Sheria huijui wewe."

"Siijui. Ninachojua ni kwamba juzi umeligonga pipa langu kwa gari mara mbili, na lilikuwa halijasogea."

Siku ya tatu akasimamishwa barabarani na askari wa usalama, mwanamama mpole.

"Leseni, mzee wangu."

"Mimi si dereva. Dereva hubeba watu kwa malipo. Mimi ni msafiri."

"Na huo usukani?"

"Natumia haki yangu."

Askari akachomoa ufunguo. "Basi haki nakuachia yote, mzee. Nachukua gari tu."

Kifungu akatembea hadi nyumbani juani, sanduku la vifaa begani. Mkewe akampokea mlangoni: "Pole na safari."

Mahakamani alikuja na karatasi yenye kifungu cha haki ya kusafiri. Hakimu akamwomba akisome kifungu hicho. Kifungu akakohoa, akasoma kwa sauti ya kujaza ukumbi, bila kukwama hata neno. Hakimu akamwacha amalize.

"Mzee, hiyo karatasi umeishika kichwa chini miguu juu."

Ukumbi ukaangua kicheko. Kifungu akaigeuza karatasi.

"Walinipima macho nilipofuata leseni, mheshimiwa," akasema kwa sauti ndogo. "Nikashindwa kuona hata ubao wenyewe wa herufi. Niliona haya kumwambia mke wangu."

Akapigwa faini, akaamriwa aende kwa daktari. Miwani ikapatikana, leseni ikafuata.

Siku hizi, kila akikaa kwa kinyozi, Kifungu anadai wanaoendesha bila leseni wafungwe miaka miwili. Kinyozi alimwuliza haki yao ya kusafiri itakuwaje. Kifungu akasukuma miwani puani, akasema hilo halimhusu.