Udongo Mkononi mwa Mtu wa Ofisi

Nimechoka na makabati. Nasema hivyo bila haya, maana ndiyo kazi yangu: katika ofisi ya utamaduni hapa Kolwezi, mimi ndiye ninayekusanya maarifa ya wazee, kama mimea ya dawa, nyimbo za harusi na ufundi wa kuyeyusha shaba kwa tanuru la udongo wa kichuguu, na kuyapanga kwenye majalada ili mtu yeyote aje asome bure. Vumbi la malori ya migodi nalikung'uta asubuhi, mchana limesharudi. Wasomaji hawaji. Anayeingia huwa anauliza kama tunapiga fotokopi.

Mama mmoja mkunga, kutoka kijiji cha upande wa Tenke, alikuja mwenyewe. Alikuwa akiwatibu wanawake waliotoka kujifungua kwa majani ya mmea uliokuwa ukiota mahali pamoja tu, nyuma ya mashamba ya ukoo wake. Binti zake hawakutaka kujifunza, na macho yake yalikuwa yanafifia. Alitaka mmea ule uandikwe kabla haijafika siku ya yeye kutoutambua. Nikachukua kalamu, nikamwambia aanze. Akakataa, akaniita tata, yaani baba, kwa heshima.

"Dawa haisemwe mu nyumba, tata. Twende kule inaota."

Kwao dawa husemwa mbele yake, baada ya kuisalimia, msemaji na msikilizaji wakiwa miguu mitupu. Basi tukaenda kwa pikipiki, nikavua viatu kati ya mihogo. Mama akanitazama vidole, akacheka hadi akashika kiuno.

"Ile miguu ni ya biro, ya mutu wa ofisi. Pole pole, isije ikatoboka."

Nilisalimia mmea. Nilijisikia mjinga kidogo, kisha sikujisikia mjinga tena. Mama alisema yote aliyokuja kusema, nami nikaandika nimesimama. Mwishoni nikafuata utaratibu wa ofisi, unaotaka mmea mmoja na mizizi yake, pamoja na udongo wa mahali ulipoota. Nikang'oa mmea mmoja, kisha nikachota udongo, nikautia kwenye mfuko wa plastiki, mama akanishikia mdomo wa mfuko nikaufunga. Watu waliokuwa wakilima jirani walisimamisha majembe wakatutazama. Tukawapungia mkono.

Msomaji wa huku kwetu ameshashika kichwa. Katika nchi ya shaba na kobalti, mtu wa ofisi akionekana amebeba udongo kwenye mfuko, hakuna anayefikiria dawa ya waliojifungua; wote hudhani anapeleka madini kupimwa. Pale Kasulo, mtaa wa hapa hapa mjini, watu walichimba kobalti mpaka chini ya vyumba walivyolala. Mama na mimi tumezaliwa humu humu, tunayajua hayo kuliko sala zetu, na siku ile akili zetu zote zilikuwa kwenye majani.

Wachimbaji walifika kabla ya mvua. Mjomba wa mama, msemaji wa ukoo kwenye mambo ya ardhi, alikuwa amekwisha kuwakubalia. Nilikimbilia huko nikiwa na hasira ya kupigana, lakini utapigana na nani? Walikuwa vijana waliotoka kila pembe ya Kongo, wenye njaa na adabu. Mmoja alitoka shimoni, akajifuta mikono kabla ya kunisalimia.

"Tata, ile udongo yenye mulibeba, bakipima balipata nini?"

Nikamwambia hatukupima kitu, tulikuwa tunatafuta dawa ya wanawake waliozaa. Akatabasamu kwa upole, kama mtu anayemfichia mwenzake siri.

"Sawa, tata. Tunaelewa."

Walikuta mawe matupu. Wakachimba pembeni, wakakuta mawe mengine matupu, wakafunga magunia yao wakahama. Yakabaki mashimo, na udongo wa chini umefunika wa juu. Mvua ikanyesha, magugu yakarudi, mmea haukurudi; ule mmoja tuliong'oa ulikuwa umeshakauka na kuvunjikavunjika ndani ya jalada.

Mkuu wangu wa ofisi anapenda kusema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Nilimwambia hii imepotea ikiwa na daftari, mhuri na namba ya jalada. Akaniambia nipumzike. Nipumzikie wapi?

Mwezi uliopita mama alikuja tena, safari hii ameshikwa mkono na mjukuu wake, mwanamke mzima aliyeamua sasa kujifunza. Nilimtaka radhi. Akasema mfuko tuliushika wawili. Kisha akaniomba nimsomee mjukuu yale aliyoyasema. Hakutaja habari ya kuvua viatu. Tungevua mbele ya nini?

Nikasoma jani lilivyo, harufu yake, linavyochemshwa. Nikafika kwenye kipimo: majani ya kujaa mkono mmoja.

"Mukono ya nani?" akauliza mjukuu.

Mama aliinua mkono wake, akaufumba taratibu hewani, akatafuta unene wa kitu ambacho hakikuwemo. Mjukuu akafumba wake. Ulikuwa mpana, mkono wa mtu wa jembe. Mama akaupapasa kwa vidole, akatikisa kichwa.

"Hapana. Ile ni mingi. Itamumaliza mwanamuke nguvu."

Niliona uchungu ambao sikuuona hata kwenye mashimo. Mama akavuta kiti karibu na meza yangu, akapapasa mpaka akapata karatasi ya jalada, akatandaza kiganja juu yake.

"Chora. Kama siku moja bataipata fasi ingine, bapime na huu. Mi sitakuwako."

Nikauzungushia kalamu, kidole baada ya kidole. Mkono wake ulikuwa mkavu, mwepesi, na vidole vilikuwa vimepinda, kwa hiyo mstari haukunyooka. Nilipofika kwenye kifundo cha mkono akaniuliza kama nimemaliza.

Nilikuwa nimemaliza. Nikamwambia bado.