Mwethya wa Jiografia

Mimi nina hasira za karibu. Mama yangu husema nilizaliwa saa saba mchana mwezi wa kiangazi, na kwake hayo ni maelezo tosha. Hasira hizo zimeniharibia mambo kadhaa ambayo sitayataja hapa. Lakini mara moja nusura zimharibie mtu mwingine maisha yake, na kila nikipita vilima vya Tawa, kwetu Ukambani, nikaona matuta yalivyozunguka vilima, nashusha pumzi kwamba haikuwa hivyo.

Tulikuwa kidato cha nne katika shule ya kutwa. Muhula wa pili mwalimu wetu wa jiografia alienda likizo ya uzazi. Mwalimu mkuu akatuahidi mwingine wiki ijayo, na hiyo wiki ijayo ilikuwa na miguu; kila tukiikaribia inasogea mbele. Tukabaki na vitabu viwili vya darasa zima, kimoja kikiwa hakina jalada wala zile kurasa za majibu za mwisho. Mtihani wa taifa haukuwa na likizo.

Tukajikusanya wanne. Mimi, binamu wawili wa kiume walioketi dawati moja tangu darasa la kwanza, na Mama Mtoto. Hilo la Mama Mtoto ndilo jina tulilompa darasani, na hatukulitoa kwa upendo wakati huo. Alikuwa ameacha shule akiwa kidato cha tatu kwa sababu ya mimba, akakaa nyumbani miaka miwili, kisha akarudi akiwa na sketi iliyoongezwa kitambaa kiunoni. Mtoto alimwachia mama yake mzazi kwa sharti ambalo sote tulilijua, maana hakulificha. "Nitakushikia mtoto mwaka mmoja," mama yake alimwambia. "Ukipata chuo, nitaendelea kumshika. Ukikosa, jembe lako liko pale ukutani."

Chuo alichotaka kilikuwa cha ualimu, nacho kilitaka C ya jumla. Masomo mengine alikuwa anajikokota vizuri tu. Jiografia ndiyo ilikuwa inamvuta chini, na ndani ya jiografia, ramani.

Wazo la mwethya lilitoka kwa binamu mkubwa. Kwetu mwethya ni watu wa kijiji kukusanyika na majembe, leo wanalima kwa huyu, kesho kwa yule, mpaka wote walimiwe. "Kwa nini tusifanye hivyo na jiografia?" akasema. "Kila mtu ataje shamba lake, ile mada inamshinda, sote tuichimbe." Tukaweka masharti yaleyale ya mama zetu. Aliye na shamba gumu analimiwa kwanza. Hakuna kuruka zamu ya mwenzako. Na asiyetokea anafuatwa kwake.

Binamu mkubwa akataja miamba. Mdogo akataja grafu. Mama Mtoto akataja ramani. Mimi nikasema sina shamba. Ndivyo nilivyosema, kwa kinywa hiki hiki, na nikajitolea kuwa mwalimu wa wote.

Tulikutana nyuma ya jiko la shule baada ya muthokoi wa mchana, yale mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, kwenye magogo ya kuni. Ramani yetu ilikuwa fotokopi ya fotokopi, imefifia hata namba za urefu wa vilima hazisomeki, imebaki mistari tu. Hiyo mistari ndiyo kontua, inayoonyesha mahali palipo na urefu sawa kutoka usawa wa bahari. Niliijua maana yake kwa moyo, neno kwa neno, kama aya ya Jumapili. Nikawafundisha kwamba mistari ikipinda kama kidole, na kidole kikielekeza juu mlimani, huo ni mgongo wa mlima unaoteremka. Kikielekeza chini, hilo ni korongo. Binamu wakaandika. Mama Mtoto hakuandika.

"Mimi naona hapa ni korongo," akasema, akigusa kidole kinachopanda.

"Hapana. Huo ni mgongo."

Siku ya pili akagusa palepale. "Lakini hapa si ni korongo?"

Siku ya tatu, tena. Muthokoi ulikuwa umeisha kabla sijafika kwenye sufuria, jua lilikuwa kali, na yeye alikuwa anagusa palepale kwa kidole chake chenye sugu. Nikalipuka. "Wewe ungebaki tu nyumbani ulee mtoto. Hii si ya kila mtu."

Aliikunja ile ramani kwa kufuata mikunjo yake, akanipa kwa mikono miwili kama unavyompa mkubwa wako kitu, akaenda zake darasani. Binamu mdogo alinitazama, kisha akatazama magogo. Nilitaka kumwita. Badala yake nikasema, "Haya, tuendelee."

Wiki hiyo alikuja darasani lakini nyuma ya jiko hakutokea. Wiki iliyofuata hata darasani hakuonekana. Ilikuwa imebaki miezi miwili tufanye mtihani. Binamu mkubwa akasema masharti ni masharti, twende tumfuate. Nikasema atarudi mwenyewe. Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa kumwangalia machoni, na ule moyo wa kiburi ulikuwa haujui pa kujificha.

"Kama huendi, sisi tunaenda," akasema. "Na tutasema ni nani amekataa."

Jumamosi tukaenda. Kwao ni mwendo wa saa moja na nusu, sehemu kubwa ukifuata mto mkavu, mchanga unaingia viatuni. Tulipopanda mlima tulisikia nyimbo kabla ya kuona watu. Mwethya wa kweli ulikuwa shambani kwao, wanawake kama ishirini, wanachimba matuta kabla ya mvua za mwezi wa kumi. Mama yake alituona, akaegemea jembe.

"Mmekuja na mikono au na midomo?"

"Na mikono, mama," tukasema, wote watatu kwa pamoja.

"Basi majembe ni yale."

Binamu wakapewa majembe. Mimi, sijui kwa nini, nikapewa mti. Kupima tuta kunataka miti miwili yenye urefu sawa, kamba iliyofungwa kati yake, na pimamaji kadogo kananing'inia katikati ya kamba. Wawili wanashika miti, wa tatu anasoma pimamaji. Kiputo cha ndani ya pimamaji kikikaa katikati, miguu ya miti miwili iko urefu mmoja, mnapigilia kigingi, mnasonga. Aliyekuwa anasoma alikuwa Mama Mtoto.

Hakunisalimia. "Shuka," akaniambia. Nikashuka hatua. "Shuka tena. Umezidi, panda. Hapo."

Kigingi. Tukasonga. Asubuhi yote alinipandisha na kunishusha, na mimi, mwalimu wa watu wote, nikapanda na kushuka bila kufungua mdomo. Tulipofika kwenye korongo linalogawa shamba lao, nilitaka kuvuka moja kwa moja niende ng'ambo.

"We, unaenda wapi? Huko ni chini. Panda."

"Lakini ng'ambo ni pale."

"Kwa korongo huwezi vuka hivyo. Unaingia ndani, unapanda nalo mpaka maji yalingane, ndio unazunguka unatoka."

Nikapanda nalo. Vigingi vikapanda nami, vikafika juu, vikageuka, vikateremka upande wa pili. Nikasimama pale nikitazama nyuma, nikaona mstari wa vigingi umepinda kama kidole, na kidole kinaelekeza juu mlimani.

Nikamwita binamu mkubwa aje atazame. Akaja na jembe lake begani, akatazama vigingi, akanitazama mimi, akatazama vigingi tena.

"Aiya," akasema. "Kwa hivyo tumekuwa tukiandika kinyume."

Sote watatu. Kama tungeingia kwenye mtihani na mafundisho yangu, tungeanguka mstari mmoja kama mbuzi wanaofuatana kisimani. Na mtu pekee aliyekuwa sahihi ndiye niliyemwambia abaki nyumbani.

Nikachukua kijiti, nikachora mistari ya ile ramani kwenye udongo, na kile kidole katikati. Nikamwambia Mama Mtoto, "Hizi kontua zote ni matuta yenu. Kila mstari ni kamba moja iliyopimwa. Ulisema ni korongo, na ni korongo."

Alichuchumaa, akafuata mistari kwa kidole. Kisha akacheka kwa uchungu kidogo. "Hii? Hii ndiyo imenisumbua tangu kidato cha kwanza? Si mngesema ni matuta?" Akaninyang'anya kijiti. "Basi hapa mistari imebanana, ni kule juu kwenye mwinuko mkali, matuta yanakaa karibu karibu. Hapa imeachana, ni kule chini panapopandwa ndengu. Na hii inazunguka peke yake ni kichwa cha mlima." Akaimaliza ramani nzima. Binamu mdogo alikuwa ameshatoa daftari, sijui alilificha wapi.

Nikasimama mbele ya mama yake na wale wanawake, maana nilimtukana mbele ya watu na sikuona haki kumwomba radhi kichakani. "Nilikukosea," nikasema. "Na ramani nayo niliikosea. Naomba urudi."

"Ya ramani nimekusamehe," akasema. Akachukua jembe la binamu akanikabidhi. "Ile ingine, chimba kwanza mpaka kwa ule mti wa kivuli kule mwisho."

Mti wenyewe ulikuwa mbali. Nilichimba mpaka jioni, nikirusha udongo upande wa juu kama walivyonielekeza, na viganja vyangu vikachubuka. Sikufika. Zilibaki hatua tatu hivi, giza likaanza, mama yake akasema tuwahi kwetu. Nilipofika kwenye mchanga wa mto nilivua viatu nikalia, lakini hicho kilikuwa kilio kizuri. Mtu akilima kuelekea shimoni kisha akaambiwa kwa wakati, si ameponea?

Jumatatu alirudi. Tukabadilisha masharti: ramani sasa lilikuwa shamba langu, na yeye ndiye aliyelisimamia. Alikuwa mwalimu mkali kuliko mimi, ila hakuwahi kumwambia mtu abaki nyumbani. Ilipofika zamu ya miamba alitupeleka mtoni kuiangalia yenyewe. Mpaka mwezi wa kumi na moja hatukuruka zamu ya yeyote.

Siku ya karatasi ya kwanza ya jiografia tulikaa kwa mpangilio wa namba, yeye madawati mawili mbele yangu. Nikafungua ramani, na macho yangu yakaenda moja kwa moja kwenye vidole. Vilikuwepo. Nilipoinua kichwa nilimwona ameinua mkono wa kushoto kidogo juu ya dawati, kama ameshika kamba, akipanda nayo na kugeuka. Msimamizi alimtazama, akaona ni mkono mtupu, akaendelea na safari yake. Nikainama nikaandika.

Matokeo yalitoka Januari. Mimi nilikuwa kwetu sokoni, na simu ya kaka yangu mkononi. Yeye hakuwa na simu, na namba yake ya mtihani nilikuwa nimeikariri kuliko yangu. Niliituma hiyo kwa baraza la mitihani. Ujumbe ulikawia, ukarudi, na nikausoma mara tatu nikiwa nimesimama katikati ya magunia ya mbaazi. Jumla, C. Jiografia, B. Sikumbuki nilimwambia nini kaka yangu. Nilikimbia na simu yake.

Nilianza kupiga kelele nikiwa bado upande huu wa korongo. "C! Umepata C! Chuo!" Walikuwa shambani wanavuna ndengu na kurekebisha matuta, yeye, mama yake, na mtoto ameketi kivulini. Alisimama na jembe mkononi, hajaamini. Mama yake ndiye aliyekaa chini kwanza, palepale kwenye ukingo wa tuta, akasema kwa Kikamba, "Nĩ mũvea, Ngai," akimshukuru Mungu, akarudia, akafuta uso kwa leso.

Nilipofika nikampa simu ajisomee. Alisoma polepole. Kisha akaniuliza, "Na yako?"

"Sijatuma."

"Kwa nini?"

"Shamba gumu linalimiwa kwanza."

Alinitazama kwa namna ambayo bado naikumbuka. Akaniuliza namba yangu, akaiandika mwenyewe, tukakaa kwenye tuta tukisubiri mtandao wa huko kwao. Ulipoingia ujumbe alisoma kimoyomoyo kwanza, mkora yule, kisha akapiga kigelegele hata mtoto akaanza kulia kwa kushtuka. Nilikuwa nimepita, na vizuri. Tulikumbatiana na udongo wetu na jasho letu, na wote wawili tukalia bila aibu.

Mama yake akainuka. Alimtoa binti yake jembe mkononi, akalikung'uta udongo, nikadhani analirudisha ukutani. Akaja akanipa mimi.

"Zilibaki hatua tatu," akasema, akionyesha ule mti.

Nikazichimba zote tatu, na ya nne juu yake. Mama Mtoto alikuwa amekaa na mtoto mapajani, anausoma ule ujumbe tena kwa sauti, akianza na jina lake.